Viongozi wanapotueleza uchumi: nilichokiona kwenye korosho, Tandahimba

Ndugu uliyeuliza kama wananchi hatuelewi sera za uchumi kwa sababu elimu yetu ni ndogo, nakujibu kama mkulima wa korosho wa Tandahimba, mkoani Mtwara, niliyewahi kuwa karani wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa eneo letu. Elimu si tatizo. Bibi asiyejua kusoma anajua korosho zake ni daraja la kwanza au la pili kabla hujazimwaga turubaini, na mizani ikichezewa anaijua. Tatizo ni kwamba kiongozi akipanda jukwaani anataja bei, anapigiwa makofi, anashuka. Njia ambayo shilingi inapita kutoka kwa mnunuzi hadi kwa mkulima anairuka.

Stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa mkulima kupeleka korosho ghalani, kupewa stakabadhi na kusubiri ziuzwe kwa mnada, ilipoanza kwetu msimu wa 2007/08, tuliambiwa inakuja kutuondolea walanguzi. Ilileta mnada na ushindani, naitetea hadi leo. Lakini haikutiliwa mkazo kwamba malipo ya kwanza wakati ule yalitokana na mkopo wa benki, na kwamba malipo ya pili yangetegemea soko. Watu wakayahesabu malipo ya pili kama haki iliyokwisha kupatikana. Yalipokuja pungufu, Aprili 2013 nyumba zikachomwa Liwale, mkoani Lindi. Kuchoma nyumba ni kosa. Ila maelezo ya mapema yangeokoa mengi.

Suala la bomba la kupeleka gesi ya Mtwara Dar es Salaam, mwaka huohuo, nalipita haraka: watu wa Mtwara waliuliza watabaki na nini, wakajibiwa kuwa rasilimali ni ya taifa. Ni kweli ni ya taifa, lakini swali lao lilibaki palepale.

Mwaka 2018 ndio ulionifundisha zaidi. Msimu wa nyuma yake bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, safari hii ikashuka na wakulima wa Newala na Tandahimba tukakataa kuuza. Korosho zetu ghafi nyingi huenda India na Vietnam, kwa hiyo bei ya huko ikiyumba na sisi tunayumba. Ni jambo la kuelezwa kabla ya msimu, si baada ya mnada kukwama. Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua zote kwa 3,300, na wanajeshi wa JWTZ wakaja kusomba mzigo. Tulishangilia, na nia ile naiheshimu mpaka kesho. Lakini utaratibu wa kulipwa tuliujua ukiwa umeshaanza: kwanza uhakiki, ili wa kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho za wakulima kinyemela kwa bei ya chini, wabainike. Mama aliyepeleka kilo zake kwa jina la kaka yake ili asipange foleni, akaulizwa shamba liko wapi. Wazee walikuja mezani kwangu: "Mjukuu wangu, zangu lini?" Sikuwa na la kuwajibu, maana na sisi wa chama hatukuwa tumeambiwa.

Aliyewahi kueleza vizuri ni diwani mmoja wa kwetu. Aliazima ubao wa shule, akaandika bei ya mnada juu, chini yake akashusha kila kato na anayelipokea: halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafiri. Watu walimbishia kila mstari mpaka alasiri. Kato moja hata yeye alisema haliungi mkono, akaeleza limepitishwa wapi na nani wa kumfuata. Hakuna aliyetoka pale akiwa na furaha, lakini nyumbani kila mtu aliweza kupiga hesabu ya pesa itakayoingia benki.

Kwa hiyo ndugu yangu, usiridhike na bei. Uliza nani analipa, lini, kinakatwa nini, na soko likianguka hasara ni ya nani. Uliza kwenye mkutano mkuu wa chama kabla minada haijafunguliwa, na usikubali kikao kifungwe mpaka katibu ayaandike majibu kwenye muhtasari pamoja na jina la aliyejibu.