Kabla ya Kuingiza Kijiko Mferejini

Wiki iliyopita, kwenye skimu moja ya umwagiliaji ya bonde la Ruvuma, niliwakuta vijana wetu wawili wakielekeza kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kwenye mfereji mkuu ilhali hawajafika hata mara moja kwenye majaruba ya mwisho, yaani vipande vya shamba la mpunga. Niliwasimamisha kwa ukali kwa sababu nawapenda, na kwa sababu kosa lile nimekwisha kulifanya mimi.

1. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, uwe umekwisha kabla ya korosho kuanza kudondoka, kwani kuanzia Oktoba hamtampata mtu.

2. Zibueni mitaro ya kutolea maji pamoja na mifereji ya kuingizia, la sivyo chumvi itapanda jarubani.

3. Tafuteni usawa wa zamani wa sakafu ya mfereji kabla ya kuchimba. Oktoba 2020 vurugu za Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, zilivuka mto na kufika Kitaya, kijiji cha Mtwara upande wetu wa Tanzania, na hofu ikaenea kando ya Ruvuma. Kijiji nilichopangiwa baadaye kilikuwa kimehamwa na wengi, na mfereji wake ulikuwa umejaa tope na matete. Michoro haikuwepo. Badala ya kutafuta aliyeujua mfereji ule, nilimwambia dereva wa kijiko achimbe hadi udongo mgumu, nikiamini kwamba hiyo ndiyo sakafu ya awali. Tulipofungua banio, yaani kizuizi cha kuingizia maji kutoka mtoni, maji yalikimbia vizuri mno na watu wakashangilia. Lakini yalipofika mlango wa tatu wa kugawia maji yalipita chini yake, kwa kuwa tulikuwa tumezamisha mfereji karibu nusu mita, na majaruba ya juu hayakupata hata tone. Familia zilizokuwa zimerudi zilikuwa tayari zimemwaga mbegu yao yote vitaluni. Tulijaza udongo na kuushindilia kwa wiki kadhaa, huku miche ikizeeka na kunyauka mbele ya macho yetu, na mwaka ule kaya zile zilikula mihogo.

Bibi mmoja, mgawa maji wa zamani, alirudi kutoka kwa nduguye alikokuwa amekimbilia, akatembea ukingoni kimya, kisha akaniuliza: “Mwanangu, jiwe la mlango wa tatu mmelipeleka wapi? Ndilo tulilokuwa tukipimia.” Lilikuwa kwenye rundo la tope tulilotupa. Kumfuata alikokuwa kungenigharimu nauli ya bodaboda tu.

4. Ulizeni ardhi imepitiwa na nini, maana mabomu ya vita hubaki ardhini muda mrefu baada ya amani. Msumbiji ilitangazwa kuwa huru dhidi ya mabomu ya ardhini mwaka 2015, miaka 23 baada ya mkataba wa amani wa 1992.

5. Daftari la majaruba lisomwe hadharani kabla ya maji kufika. Aliyebaki amelima jaruba la aliyekimbia, na wote wawili wana watoto. Suala hilo liamuliwe na mkutano wa kijiji, si na fundi mwenye haraka ya kukabidhi mradi. Bibi yule anakumbuka mipaka ambayo daftari halina. Jumatatu tutaanzia nyumbani kwake, vijana wangu, na kijiko kitabaki kimezimwa.