Eti jiwe linakumbuka kaskazini?

SWALI: Habari mhariri. Mwanangu wa darasa la sita kafungua spika mbovu ya redio katoa sumaku, sasa kila jioni anaikokota mchangani huku Kibirizi, inatoka imeota manywele meusi. Mwalimu wao kawaambia hayo ni madini ya chuma na kwamba mawe yenye madini hayo yanakumbuka kaskazini ilikuwa wapi zamani. Mi nikacheka, jiwe likumbuke? Alafu nina jiwe jeusi zito nililiokota njia ya Uvinza, nikilipeleka si watanipimia?
Mama wa wawili, Kigoma

JIBU: Mama, mwalimu yuko sawa kabisa. Hayo manywele kwa kawaida ni magnetaiti, yaani chuma kilichoshikana na oksijeni.

Chukua hiyo sumaku ya spika (sio sasa, mtoto atalia) uitupe kwenye jiko la mkaa mpaka iwe nyekundu, ikipoa haishiki hata sindano. Moto umeiua. Magnetaiti nayo inapoteza usumaku ikifika kama nyuzi 580, ila lava ya volkano inapopoa ikashuka chini ya hapo, zile fuwele zinaupata usumaku upya na zinafuata uelekeo wa sumaku ya dunia ya siku hiyo, zikishapoa basi, zimeganda nao. Ndo kumbukumbu yenyewe.

Kinachochekesha ni kwamba manywele ya mwanao ndo masahaulifu. Punje kubwa zinayumba kirahisi, wanaotunza siri miaka mamilioni ni vipunje vidogo mno, nywele ya kichwa ukiipasua mara elfu ndo unakaribia unene wake.

Kwa njia hiyo ndo ilijulikana kwamba sumaku ya dunia huwa inageuka, yaani zama hizo dira ya leo ingeonyesha kusini. Mwanafizikia Bernard Brunhes aliliona hilo Ufaransa mwaka 1906 kwenye miamba iliyoelekea kinyume, na mara ya mwisho kugeuka moja kwa moja ni kama miaka 780,000 iliyopita. Hata bonde letu la Olduvai limo, kuna kipindi cha karibu miaka milioni 1.8 iliyopita wanakiita Olduvai dunia nzima, sababu lava ya pale ilikutwa inaelekea kama leo wakati zama zake zilikuwa za kinyume. Na mkoani kwenu kuna lava za Gagwe za kama miaka milioni 800, zimepimwa, matokeo yakachapishwa mwaka 1995, walitaka kujua upande huu wa Afrika ulikuwa wapi kabla ya mabara kuungana. Inawezekana kwa sababu sindano ya sumaku karibu na ikweta hulala, ukisogea kwenye ncha za dunia inainama mpaka isimame wima, na jiwe linashika na huo mwinamo, kwa hiyo unajua lilikuwa mbali kiasi gani na ikweta.

Shida ni radi, nyie wa Kigoma mnaijua. Radi ikipiga mwamba inafuta kumbukumbu ya zamani na kuandika yake, ndo maana wapimaji wanaogopa vilele vya vilima. Maabara wanalipasha jiwe kidogo kidogo kwenye chumba kilichozuiwa sumaku ya nje, yale maandishi ya juu juu yanaondoka kwanza, ya mwanzo yanabaki.

Sasa jiwe lako. Umeng'oa kibao cha njia panda ukaja nacho nyumbani, maandishi yapo lakini mshale ulikuwa unaelekea wapi? Wapimaji wanatoboa mwamba ukiwa palepale, kipande cha unene wa sentimita 2.5 hivi, wanakiwekea alama ya dira na ya jua kabla hakijatoka. La kwako uelekeo umeshapotea, labda wapime ukali tu wa sumaku ya enzi hizo, hiyo haihitaji kujua jiwe lilikaaje. Ila usimwache mwanao alisugue na ile sumaku ya spika, ina nguvu mara mia na zaidi kuliko ya dunia, atakuwa kapiga radi yake mwenyewe.