Unicode kwenye mifumo endeshi ya zamani: badilisha maandishi mpakani tu

Kuna kompyuta ambazo hazitaboreshwa kamwe. Mashine fulani ya kazi inazitegemea, dereva wake (programu inayoiunganisha na kompyuta) hana toleo jipya, na zitaendelea na Windows 98 au XP hadi zizimike zenyewe. Ukiandika programu za kompyuta hizo utaambiwa mara nyingi kwamba maandishi ya Unicode, yaani orodha moja inayoipa kila herufi ya kila lugha namba yake, yasahauliwe. Sikubaliani. Programu ninayoitunza huhifadhi majina ya watu na maelezo yao, na faili zake zilezile hufunguliwa kwenye Windows za vizazi tofauti. Kilichoiwezesha ni kanuni moja: ndani ya programu na ndani ya faili ni UTF-8 peke yake (namna ya kuandika Unicode kwa baiti moja hadi nne kwa kila herufi), na ubadilishaji hufanyika pale tu programu inapogusana na mfumo endeshi.

Windows 95, 98 na Me husoma maandishi kwa majedwali ya herufi. Kwa lugha nyingi baiti moja ni herufi moja, kwa hiyo jedwali zima lina nafasi 256 tu. Baiti E9 (baiti naziandika kwa hesabu ya kumi na sita) ni é kwenye jedwali 1252 la Ulaya Magharibi, na ni й kwenye jedwali 1251 la Kisirili, yaani herufi za Kirusi. Faili yenyewe haisemi iliandikwa kwa jedwali lipi. Ukoo wa NT, ulioanza na Windows NT 3.1 mwaka 1993 na kuzaa Windows 2000 na XP, ulijengwa juu ya Unicode tangu mwanzo. Ndiyo maana funkisheni nyingi za Windows zina sura mbili: inayoishia na A hutumia jedwali, inayoishia na W hutumia Unicode. Kwenye 95 na 98 nyingi za W zipo kwa jina tu. Ukiziita zinarudisha kosa namba 120, yaani hazijatekelezwa.

Sisi tunaoandika Kiswahili tunaweza kudhani jambo hili ni la wengine, maana herufi zetu zote zimo kwenye ASCII, seti ya msingi ya alama 128. Lakini mtu akinakili neno ng’ombe kutoka kwenye programu inayopinda alama za nukuu, alama hiyo inakuwa ile yenye namba ya Unicode U+2019. Kwenye jedwali 1252 ni baiti moja, 92. Kwenye UTF-8 ni tatu, E2 80 99. Zisome hizo tatu kwa jedwali 1252 na utapata ngâ€™ombe. Kila mtu ameshawahi kuona uchafu wa aina hiyo.

Kwa nini UTF-8, na si baiti mbilimbili kama NT? Kwa sababu msimbo wa zamani unaivumilia. Ken Thompson na Rob Pike waliibuni mwaka 1992, na waliipanga vizuri mno: maandishi ya ASCII hubaki yalivyo, baiti sifuri haijitokezi katikati ya neno, na kila baiti ya mwendelezo huanza na biti mbili, 1 na 0, hivyo huwezi kuichanganya na mwanzo wa herufi. Linganisha na Shift-JIS ya Kijapani, ambako baiti ya pili ya herufi inaweza kuwa 5C, ileile ya mkwaju unaotenganisha folda. Msimbo unaokata njia za faili baiti kwa baiti huvunjika hapo. Kwa UTF-8 funkisheni za lugha ya C kama strcpy na strcmp zinaendelea kufanya kazi. Cha kuchunga ni urefu: strlen huhesabu baiti, si herufi, kwa hiyo ukilazimika kukata maandishi yaingie kwenye nafasi finyu, rudi nyuma hadi uipite kila baiti inayoanza na 10.

Kibadilishaji kiandike mwenyewe. Windows 95 haina UTF-8 ndani ya MultiByteToWideChar, funkisheni yake ya kugeuza maandishi kuwa Unicode, na kazi yenyewe ni ya mistari michache. Ila kiwe mkali: kikatae namba zinazozidi 10FFFF, ukomo wa Unicode, nusu za jozi kati ya D800 na DFFF (namba ambazo UTF-16, uandishi wa baiti mbilimbili, huziunganisha mbili kuwa herufi moja), na herufi zilizorefushwa kwa baiti zisizohitajika. Hilo la mwisho si la kupuuza. Mwaka 2001 kirusi cha Nimda kilipenya seva za wavuti kwa njia kadhaa, na mojawapo ilikuwa mkwaju ulioandikwa kwa urefu usio halali ukapita ukaguzi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi, nalo ni upotevu wa kimyakimya. Ukibadilisha Unicode kwenda jedwali la herufi, Windows hujaribu kukusaidia kwa kutafuta herufi inayofanana. Kwa jedwali 1252, ā inakuwa a, na alama ya ukomo, ∞, inakuwa tarakimu 8. Hakuna kosa linalotolewa. Fikiria hilo ndani ya hesabu au ndani ya jina la mtu. Kwenye 98 na Windows 2000 kuna bendera, yaani chaguo la kuipa funkisheni, ya WC_NO_BEST_FIT_CHARS inayozuia ufananishaji huo, lakini njia ninayoiamini kwenye mifumo yote ni kwenda na kurudi: badilisha, kisha rudisha ulichopata kwenye Unicode, ulinganishe na asili. Vikitofautiana, herufi imepotea.

Na ikipotea? Onyesha kilichowezekana kwenye skrini, lakini asili usiiguse. Kisanduku cha kuandikia cha Windows 98 kikishindwa kubeba jina zima, mimi hukifunga kisihaririwe, na mtumiaji anaambiwa kwa maneno ya kawaida kwamba jina lina herufi ambazo kompyuta hii haiwezi kuziandika. Kwa visanduku vingine, wakati wa kuhifadhi nalinganisha kilichomo sasa na nilichokiweka mwanzoni. Kama hakikubadilika, naandika asili ileile, siyo nakala iliyopita kwenye jedwali. Mtu aliyefungua rekodi kusahihisha namba ya simu hana sababu ya kuharibu jina la mwenye rekodi.

Wengi hukimbilia unicows.dll, maktaba ambayo Microsoft waliitoa mwaka 2001 ili programu za W ziendeshwe kwenye 95, 98 na Me. Itumie, inakupunguzia kazi ya kuandika njia mbili. Lakini elewa inachofanya: inapokea Unicode yako na kuigeuza kuwa herufi za jedwali kabla ya kuita funkisheni ya A. Upotevu uko palepale, sasa umefichwa ndani zaidi.

Usikate tamaa na skrini, hata hivyo. TextOutW, ExtTextOutW na MessageBoxW hufanya kazi hata Windows 95. Ukichora maandishi mwenyewe badala ya kutegemea visanduku vya mfumo, Kigiriki na Kisirili vitaonekana sawasawa mradi fonti inavyo. Kiarabu ni kisa kingine, kwa sababu herufi zinaungana na kubadilika umbo. Hapo unahitaji Uniscribe, maktaba ya kupanga herufi za namna hiyo (usp10.dll), iliyokuja na Windows 2000 na Internet Explorer 5.

Majina ya faili: diski ya 98 huyahifadhi marefu kwa Unicode, lakini mfumo unakupa kupitia jedwali, na jina lenye herufi ngeni linarudi limeharibika kiasi cha kutofunguka. Chukua jina fupi la herufi nane na tatu kutoka cAlternateFileName ya FindFirstFileA, ufungue kwa hilo. Kwenye ubao wa kunakili weka CF_TEXT na CF_UNICODETEXT zote mbili, maana 98 haikubadilishii moja kuwa nyingine.

Kutambua uko wapi ni rahisi: biti ya juu kabisa ya GetVersion ikiwa imewashwa, uko kwenye ukoo wa 95. Iangalie mara moja programu inapoanza. Kuanzia NT hadi Windows 8 tumia W moja kwa moja. Kwa Windows 10 toleo 1903 na kuendelea unaweza kutangaza UTF-8 kwenye manifesti, faili ya maelezo ya programu, na hata funkisheni za A zitaielewa.

Nje ya Windows kanuni ni hiyohiyo. Kwenye Linux ya zamani uliza lokali (mpangilio wa lugha na herufi wa mfumo), kisha badilisha kwa iconv, kibadilishaji cha herufi. Kwenye diski za HFS+ za Mac, é huhifadhiwa kama e na alama yake vikiwa vimetenganishwa, kwa hiyo yaweke majina katika umbo moja kabla ya kuyalinganisha.

Mwishowe, tengeneza faili moja ya majaribio yenye é, й, Ω, neno la Kiarabu, ’ na 😀, ambayo ni baiti nne za UTF-8 na jozi D83D DE00 kwenye UTF-16. Ifungue kwenye Windows 98 ndani ya kompyuta pepe, badilisha sehemu moja yenye ASCII tupu, hifadhi, kisha uilinganishe na ya mwanzo baiti kwa baiti. Baiti zilizobadilika ziwe zile ulizozigusa tu. Kama kuna nyingine, usitoe toleo hilo.