Krenki ya 3L: kuchonga au kununua nyingine?

Mkuu, umeuliza kama krenki (shafti kuu ya injini) ya Hiace yako yenye injini ya dizeli ya 3L bado inafaa baada ya metali (beringi) moja ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, kuzunguka mahali pake. Usiamue kwa macho. Apatikane fundi mwenye maikromita (kifaa cha kupimia unene), apime kila shingo, yaani sehemu ya duara inayokaa ndani ya metali, sehemu mbili, na kila sehemu aizungushe nyuzi 90 apime tena. Duara likipotea kwa zaidi ya 0.02 mm, mimi sifungi metali mpya juu yake, hata kama inang'aa.

Ikichongeka kwa 0.25 au 0.50 mm, chonga, ila kwanza uhakikishe metali za saizi hiyo zipo dukani. Na msisitize fundi aache ule mviringo kwenye kona za shingo. Kona ikiachwa kali, krenki hukatikia hapohapo.

Shingo iliyogeuka bluu kwa moto naiogopa sana. Ipimwe ufa kwa sumaku na ipimwe kama imepinda. Ikiwa na ufa, nunua nyingine, usikubali kuchomelewa.

Nakuomba pia usafishe matundu yote ya oili na ukague pampu. Metali haikuzunguka bure.