Babu aliyefia Burma: nani atolewe sampuli ya DNA?

SWALI: Assalaam alaikum. Babu yetu aliingia KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akafia vitani Burma (leo Myanmar) mwaka 1944. Hatukuletewa mwili wala hatujui kaburi lake. Sasa twasikia mifupa ya askari hutambuliwa kwa DNA ikarudishwa kwao. Baba yetu, mwanawe mkubwa, yu hai, tumpeleke akapimwe? Na babu akija, tumpokee vipi? – Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaikumu salaam. Mzee mpelekeni, ila asiende peke yake, wala msianze na yeye. Anzeni na namba ya jeshi.

Majina yetu yaliandikwa na makarani kwa kadiri walivyoyasikia. Athman akawa Asumani, Muhammad ana tahajia kumi, na pengine jina la baba ndilo lililowekwa mbele. Namba haina mchezo huo. Itafuteni kwenye kitabu cha mshahara, barua ya tanzia au karatasi za malipo ya mjane. Medali msiitegemee: za Uingereza za vita vya pili zilitolewa bila jina, tofauti na za vita vya kwanza zilizochorwa jina na namba ukingoni. Namba mkiipata, ichungulieni kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyo bure mtandaoni.

Huenda ana kaburi, kwa mfano kwenye makaburi ya vita ya Taukkyan, kaskazini mwa Yangon, huko huko Burma. Huenda jina lake limo kwenye mnara ulio hapo hapo Taukkyan, wenye karibu majina 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana. Au yuko kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Akiwa huko, tazameni tarehe. Ikiwa ni 12 Februari 1944, basi Burma hakufika: alikuwa ndani ya meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, wakafa watu zaidi ya 1,200. Hapo hakuna mfupa wa kutafuta.

Jambo la pili ni chungu kidogo. Tume hiyo hairudishi maiti wa vita vile viwili. Mifupa ikifukuliwa leo, huzikwa kwenye makaburi ya vita ya nchi ile ile. Wanaorudisha watu wao ni kama Wamarekani, na habari nyingi mnazosikia zatoka huko. Kwa hiyo DNA, ikifaulu, aghalabu itampa babu jina juu ya jiwe, si safari ya kuja Lamu. Msichangishe pesa za mazishi kabla ya kuwa na barua rasmi mkononi.

Sasa hiyo DNA. Mifupa iliyokaa miaka 80 kwenye udongo wa joto na mvua huwa imeharibika, na DNA ya kiini cha seli, yenye nakala mbili tu kwa seli, mara nyingi haisomeki. Ya mitokondria, vijisehemu vilivyo ndani ya seli nje ya kiini, ina nakala mamia hadi maelfu, ndiyo maana hubaki. Lakini hiyo hupitia kwa mama pekee. Babu aliipata kwa mamake, na hakumpa mwanawe hata mmoja! Baba yenu hana. Anayo dada wa babu wa mama mmoja, watoto wa dada huyo, na wajukuu wake kwa binti zake. Mtafuteni mmoja wao. Baba yenu anafaa kwa kromosomu Y, ambayo hushuka kutoka baba hadi mwana. Pelekeni wote wawili, pamoja na mti wa ukoo unaoonyesha nani alimwoa binamu yake. Kwetu watu huoana ndani ya ukoo, na maabara isipojua hilo inaweza kusoma majibu vibaya.

Sampuli ni pamba inayosuguliwa ndani ya shavu. Mtoaji asile, asinywe wala asitafune tambuu kwa nusu saa kabla. Pamba ikauke kivulini, kisha iingie kwenye bahasha ya karatasi, kila mtu na yake, jina likiwa limeandikwa kabla ya kuanza. Msitumie mfuko wa nailoni: kwa unyevu wa Lamu itaota ukungu, na ukungu huila DNA.

Ikitokea mabaki yakaruhusiwa kuja, yasioshwe wala kutiwa marashi kabla maabara haijachukua sehemu yake, kwa kawaida jino, paja au mfupa mgumu wa fuvu unaozunguka sikio la ndani. Baada ya hapo kuosha, sanda na sala ni kazi ya imamu wenu. Mfupa mrefu kuliko yote, wa paja, hauzidi sana sentimita 45, hivyo sanduku la sentimita 60 ndani latosha. Kwenye jeneza la mtu mzima mifupa itagongana tangu uwanja wa ndege wa Manda hadi gatini Lamu. Funikeni kwa turubai wakati wa kuvuka, bahari hurusha maji. Bendera na tarumbeta, kama jeshi litakuja, ningeviishilizia gatini. Kaburini ipangeni kama alivyo mtu aliyelazwa: kichwa mashariki, miguu magharibi, fuvu likitazama kibla. Na kwenye jiwe, chini ya jina, wekeni ile namba.