Umepata Kazi Ujerumani? Uliza Kwanza Ni Jimbo Gani

Sisi tuliokulia Kenya tumezoea mambo ya sikukuu kuwa rahisi. Waziri wa Usalama wa Ndani akishatangaza kwenye gazeti rasmi la serikali, ni mapumziko kuanzia Lamu hadi Busia, na sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu nayo ni yetu. Ujerumani hakuna hayo. Ikiangukia Jumapili imeliwa, basi. Na siku ambayo rafiki yako wa Hamburg amelala mpaka saa nne, huenda wewe uko kwenye basi la alfajiri.

Mimi naishi Neu-Ulm na kazi yangu iko Ulm. Katikati kuna mto Donau tu. Ukivuka daraja la Herdbrücke kwa miguu umeshafika. Lakini Neu-Ulm ni jimbo la Bayern na Ulm ni Baden-Württemberg. Tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, upande wetu madirisha ya maduka ni giza tupu. Ng'ambo, Ulm, malori yanashusha bidhaa kama kawaida na maegesho yamejaa magari yenye namba za NU, yaani majirani zangu wamevuka kwenda kununua. Mimi nami navuka, ila kwenda kazini. Sheria hutazama mahali unapofanyia kazi, si mahali unapolala. Kwa hiyo unaposoma mkataba, angalia kituo cha kazi kiko jimbo gani kabla hujaanza kuhesabu siku za kupumzika.

Chanzo cha mchanganyiko huu ni kwamba sikukuu hutungiwa sheria na majimbo yenyewe, yote 16. Ni tarehe 3 Oktoba peke yake, siku ya Muungano, iliyowekwa na taifa, kwenye mkataba wa mwaka 1990. Nyingine nane ni za nchi nzima kwa sababu tu kila jimbo limezikubali. Baada ya hizo tisa, historia ya dini ndiyo inayoamua. Kaskazini na mashariki, kwa Walutheri, hupumzika 31 Oktoba kukumbuka Matengenezo ya Kanisa; kusini na magharibi, kwa Wakatoliki, hupumzika kesho yake, Watakatifu Wote. Hakuna jimbo lenye zote mbili, na Berlin na Hessen hawana hata moja. Berlin wamejipoza kwa Siku ya Wanawake, 8 Machi, tangu 2019. Sachsen wao wamebaki peke yao na Siku ya Toba na Sala, ambayo majimbo mengine yaliifuta kuanzia 1995 ili kugharimia bima ya matunzo ya wazee na wagonjwa.

Bayern ndio wenye neema, ingawa hata huko jimbo halitoshi, uliza na mji. Ile 15 Agosti hupumzikwa tu kwenye miji na vijiji vyenye Wakatoliki wengi kuliko Waprotestanti. Na Augsburg wana yao wenyewe, Sikukuu ya Amani ya 8 Agosti, ambayo haivuki mpaka wa mji. Hivyo hufikisha siku 14, na hakuna mji mwingine nchini unaowafikia.

Sasa, wauguzi, maana najua wengi mnaoniandikia ni nyinyi. Hospitali haifungwi, na usidhani zamu ya sikukuu lazima ilipwe zaidi: sheria haimlazimishi mwajiri, ni mkataba wako ndio unaosema. Ikilipwa nyongeza, sehemu kubwa haikatwi kodi. Ila siku ya kupumzika badala yake ni haki yako, ndani ya wiki nane kama sikukuu ilikuwa siku ya kawaida ya kazi. Idai kwa msimamizi wa ratiba, kwa upole lakini idai.

Kuna Alhamisi mbili za kuzitolea macho: Kupaa kwa Bwana, ambayo ni ya nchi nzima, na Mwili na Damu ya Kristo, ambayo ni ya majimbo yenye Wakatoliki wengi. Ukichukua likizo Ijumaa yake, siku moja imekupa nne. Wenyeji wanalijua hilo tangu wakiwa shule, na ratiba ya likizo ikifunguliwa mwanzo wa mwaka, Ijumaa hizo huisha kwanza. Peleka ombi lako wiki hiyo hiyo.

Chakula cha sikukuu nunua jana yake, maana maduka hufungwa. Ukikwama, duka la stesheni kuu au kituo cha mafuta litakuokoa, kwa bei ya kukuumiza.

Na kwa Waislamu wenzangu: Idd haimo kwenye orodha ya jimbo lolote. Mimi huomba likizo ya siku mbili zinazofuatana, kwa sababu mwezi hauandami kwa kufuata ratiba ya kazini, na humwambia bosi mapema kwamba moja huenda nikairudisha. Hadi leo hajawahi kukataa.