Kuhifadhi kazi za usanifu katika timu ndogo

Ndugu, umeuliza kama folda moja ya Google Drive mnayoitumia wasanifu wanne inatosha kuwa hifadhi ya kazi za wateja. Haitoshi, kwa sababu folda hiyo husawazisha mafaili tu: mmoja akifuta faili, linaweza kutoweka kwa wote, na kilichomo kwenye pipa la taka hufutwa kabisa baada ya siku 30. Wekeni nakala 3, katika vyombo vya kuhifadhia vya aina 2, huku nakala 1 ikikaa nje ya ofisi. Diski ya nje ichomolewe kila baada ya kunakili, ili programu hasidi zinazofunga mafaili na kudai fidia zisiifikie.

Ninalolisisitiza zaidi ni kufungasha kazi ikiwa kamili, pamoja na vyote inavyovitegemea. Faili la InDesign, programu ya kupangia kurasa, kwa kawaida huelekeza tu kwenye picha na fonti zilizoko kwingine. Kwa hiyo tumieni amri ya Package, inayozikusanya katika folda moja, kisha ongezeni PDF ya mwisho na nakala ya IDML, aina ya faili la InDesign ambayo hufunguka hata katika matoleo ya zamani ya programu hiyo, kuanzia lile la CS4. Mteueni msimamizi mmoja, na kila mwezi afungue kazi moja ya zamani kutoka kwenye diski, akitumia kompyuta ambayo haikuitengeneza, ili kuhakikisha hakuna kilichokosekana.